Santuri Iliyokimbia na Kifuniko cha Bibi

Jumatatu, 3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kama matundu ya tairi za mji huu. Mimi mzima, tena nazidi kupendeza. Ukirudi utanipita njiani ukidhani ni mtu mkubwa. Kibanda changu cha pancha kinakwenda vizuri. Kupika bado napika mwenyewe, kwenye ile sufuria kubwa isiyo na kifuniko, maana kifuniko chenyewe Bibi bado amekitundika ukutani chumbani kwake kama picha ya rais. Nafunika kwa sahani. Mvuke wote unatoka pembeni na chakula kinaiva upande mmoja, kama akili zangu ulivyozoea kusema.

Sasa zima cherehani usikilize.

Sikio la Bibi lililobaki linafunga. La kushoto lilikufa zamani, sote tukazoea kumsemea kulia. Sasa la kulia nalo limeanza kuaga. Nimempeleka kwa daktari wa masikio. Akammulika na kitochi, akampigia vikengele, halafu akaniita pembeni kuninong'oneza, kana kwamba Bibi angesikia. Akasema dawa hakuna. Litafunga kidogo kidogo mpaka lifunge kabisa. Nikamuuliza, "Lini, daktari?" Akasema, "Kama kuna kitu anatamani kusikia, asikie sasa."

Tulipotoka Bibi akaniuliza, "Mume wangu, kasemaje?"

Nikamwambia, "Kasema una masikio ya msichana."

"Mwongo wewe. Ndiyo maana nilikubali unioe."

Anachotamani kusikia unakijua. Ni *Mvuke*, ile santuri yake. Wewe ulimkuta Mdudu bado mzima, ile mashine ya sauti aliyoiunda kwa vyuma chakavu vya mitambo ya simu alipokuwa opereta. Mimi nilikuta mzoga tu, panya wamekula nyaya. Lakini hadithi naijua: alirekodi muziki wake humu chumbani, utepe ukapelekwa mbali kuchapwa, na santuri zilipokuja zilikuwa zinakimbia kama kuku aliyeona kisu. Watu wakacheka. Akawaambia wale wachapaji wameuharibu, wakamjibu kwamba mashine hazidanganyi, labda mama ana matatizo. Akavunja nakala zote alizopewa na hakurekodi tena.

Sasa kuna kampuni ndogo inayofufua miziki ya zamani. Wanasema huko nje vijana wanaitafuta *Mvuke* kwa tochi. Bibi kawatumia utepe wake. Watatuma kwanza santuri moja ya majaribio, Bibi aisikilize, aweke sahihi, ndipo wachape nyingine zote. Bila sahihi ya Bibi, hakuna kitu.

Habari ya sikio siwaambii. Wakijua msanii anakuwa kiziwi, watamtafuta profesa mmoja amsikilizie.

Niombee, Dada. Mimi mwenyewe nikiomba Mungu anadhani natania.

Mdogo wako wa pekee, na mmoja anatosha,
Domo


Jumatatu, 10 Februari

Mheshimiwa Bwana Mchonga Santuri,

Mimi ni meneja wa msanii. Pia ni mjukuu wake, mpishi wake, na kwa mujibu wa yeye mwenyewe ni mumewe. Kwa hiyo barua zote zipitie kwangu.

Umeomba kuzungumza naye kwa simu. Haiwezekani. Bibi aliunganisha simu za watu ujana wake wote, kasikiliza ugomvi wa ndoa za mji mzima, mpaka leo simu ikilia anaondoka chumbani. Ni msimamo wake wa kisanii.

Ninachokuomba ni mwendo. Nasikia nyinyi watu wa santuri mnachonga taratibu kama mnachonga mlango wa mfalme. Mimi naziba tairi la lori huku dereva anakunywa chai, na chai haijapoa. Jifunze kwangu. Tuma haraka, haraka sana, tena ungeweza kutuma jana ningefurahi zaidi.

Wako katika sanaa,
Meneja


Alhamisi, 20 Februari

Kwa Meneja,

Mimi si bwana. Ni mwanamke, na kazi hii ya kuchonga mifuo, ile mistari ya santuri inayopitiwa na sindano, nimeifanya tangu kabla wewe hujajua kutambaa. Unaweza kuniita Dada, ikiwa ni lazima uniite.

Santuri ya majaribio imo kwenye kifurushi hiki. Utepe wa Bibi yako ulihifadhiwa vizuri kuliko tepe nyingi zinazonifikia kutoka studio kubwa. Nimeusafisha, nimepima kasi ya mashine yangu, na sikuongeza wala kupunguza chochote. Hiyo ndiyo heshima ninayoijua.

Kuhusu mwendo: kiwanda kinachotuchapia kimetupa nafasi moja tu, mwishoni mwa Aprili. Tukiikosa, wenye kampuni watauacha mradi huu, wameshaniambia hivyo wazi. Kwa hiyo harakisheni na nyinyi. Lakini nasisitiza: asikilize msanii mwenyewe, kwa sikio lake mwenyewe. Maoni ya meneja siyahitaji.

Dada Mchonga


Ijumaa, 28 Februari

Dada yangu,

Imefika. Nilifunga kibanda nikakimbia nayo nyumbani nimeikumbatia kama mtoto aliyeokotwa.

Bibi alivaa gauni lake la kijani. Kwa kusikiliza santuri! Akakaa ubavuni mwa spika, sikio la kulia limeigusa kabisa, nikaweka sindano. Dada, mimi muziki ule siuelewi, ni kama friji inaota ndoto. Lakini nilikuwa namtazama yeye. Uso ulifunguka. Halafu ukafunga.

Akasema, "Wamerudia."

"Wamerudia nini, Bibi?"

"Inakimbia. Wamerudia kosa lile lile. Rudisha."

Nikamwelezea kwa kelele kwamba mchongaji kapima kasi, sahihi kabisa. Akanitazama hivi, Dada, sijawahi kutazamwa hivyo. Akasema, "Hata wewe?" Akavua gauni la kijani, akalikunja, akalirudisha sandukuni.

Sasa niambie ningefanya nini. Nikirudisha, Dada Mchonga atasema mashine yake iko sawa, Bibi atasema haiko sawa, watavutana mpaka Aprili ipite, na sikio lile linafunga. Sasa nikimwita lazima nipige kelele mpaka majirani wanaitika. Bora santuri iliyo na mwendo wa kukimbia kuliko hakuna santuri, sivyo? Angalau ashike mkononi kitu chenye jina lake.

Kwa hiyo ile karatasi ya kuridhika nimeisaini mimi. Mwandiko wake naujua. Nimeituma leo asubuhi.

Usinipigie kelele kwa barua.

Domo


Jumamosi, 8 Machi

Wewe mtoto,

Sipigi kelele. Nimeisoma barua yako kwenye mapumziko ya kazi, nikaweka sindano upande, nikashindwa kuishika tena.

Maisha yake yote Bibi ameambiwa kwamba alichosikia hakukisikia. Wachapaji walimwambia, majirani walimwambia, Babu Mungu amrehemu alimwambia. Aliyebaki kumwamini ni wewe. Na wewe umekaa mezani kwake, kwa kalamu yake, ukawaandikia wachapaji wapya kwamba ameridhika.

Akifa kiziwi ni kazi ya Mungu. Akifa akijua mumewe alimsainia, hiyo itakuwa kazi yako.

Simamisha. Sijui utasimamishaje, domo unalo, litumie.

Dada yako


Jumanne, 11 Machi

Dada Mchonga,

SIMAMISHA MASHINE. Kama umeshika patasi, iweke chini. Kama santuri imeshaanza kuzunguka, ikalie.

Ile sahihi si ya Bibi. Ni yangu. Bibi hakuridhika, alisema inakimbia. Na mengine niliyokudanganya ni haya: Bibi hakatai simu kwa msimamo wa kisanii. Haisikii. Sikio moja limekufa, la pili linakufa, daktari kashanawa mikono. Nilificha kwa kuogopa mtasema msanii kiziwi hana haki ya kusema muziki wake ukoje. Umeshajua sasa. Nitukane baadaye, kwanza soma.

Jana mchana nilikuwa naicheza ile santuri peke yangu nikijaribu kuuelewa huo muziki. Nyumba iliyopakana nasi ni ya fundi wa kuchomelea mageti. Akiwasha mashine yake, umeme wa mtaa mzima unanyong'onyea, taa zinakuwa nyekundu kama macho ya mlevi. Basi akawasha. Gramafoni yetu nayo ni ya kizee, ikalegea. Muziki ukashuka, ukawa mzito, ukawa unatembea. Bibi alikuwa jikoni, amegeuka mgongo. Sijui alisikia vipi. Kaja mbio, Dada, bibi wa magoti yale, kaja mbio na sabuni mikononi, akapiga magoti mbele ya spika akasema, "Hapo! Hapo hapo! Usiguse!"

Fundi akazima. Muziki ukapanda tena, ukakimbia. Bibi akapiga sakafu na kiganja kama aliyenyang'anywa mtoto.

Nimefikiri usiku kucha, na mimi kufikiri hunitoa jasho. Huyu fundi kibanda karithi kwa baba yake. Wakati Bibi anarekodi kwa Mdudu, ile mashine yake ya sauti ambayo sasa imeliwa na panya, mzee alikuwa hapo hapo anachomelea, na mtaa mzima ulining'inia kwenye waya mmoja. Umeme ulikuwa mgonjwa kila siku. Mashine ya utepe ilikuwa inajikokota wakati wa kurekodi, ikajikokota wakati wa kusikiliza, kwa hiyo yeye alisikia sawa. Utepe ulipofika kwenu, kwenye umeme wenye afya, ukaanza kukimbia! Mashine zenu hazikudanganya, wala Bibi hakudanganya. Mwizi alikuwa waya.

Nakuomba, Dada. Punguza mwendo. Chonga upya. Nitaziba tairi zako mpaka uzeeni.

Fundi pancha (umeneja nimejiuzulu)


Jumanne, 18 Machi

Kwa Fundi Pancha,

Nimekasirika, na nataka ujue kwamba nimekasirika, kisha tuendelee na kazi.

Nilikuwa nimeshachonga bamba la kwanza. Nimelitupa.

Hoja yako ya umeme inaingia akilini. Naona aibu kwamba sikuifikiria, maana tepe za aina hiyo nimezishika nyingi. Lakini unaniambia "punguza mwendo". Kwa kiasi gani? Siwezi kuchonga "kidogo". Nikikosea kwa unywele nitamfanyia kosa la tatu.

Tepe nyingine hunisaidia zenyewe. Husikika mtu akiongea, saa ikigonga, ngoma ambayo najua inavyolia. Utepe huu hauna hata kikohozi. Kila sauti iliyomo aliibuni yeye, hapakuwa na nyingine kama hiyo duniani. Nimekaa nao siku nzima nikitafuta pa kushika. Hakuna. Na mashine yenyewe unasema imeliwa na panya.

Nitafutie kitu kimoja cha siku zile ambacho sauti yake haijabadilika. Chochote. Bila hicho mikono yangu imefungwa, na kiwanda hakitanisubiri.

Bibi apewe salamu zangu, kwa njia yoyote mnayoitumia kusalimiana.

Dada Mchonga


Jumatatu, 24 Machi

Dada,

Nimemwambia Bibi habari ya sahihi. Niliandika kwenye karatasi, kwa sababu hata kelele sasa haziingii vizuri. Alisoma, akaikunja, akaniwekea mfukoni mwa shati. Tangu siku hiyo hasemi nami. Chakula nikimpa anakula, karatasi nikimpa hasomi, anageukia ukuta. Nimepewa talaka, Dada, tena zote.

Na mimi ndiyo namhitaji aseme! Mchongaji anataka kitu cha zamani chenye sauti isiyobadilika. Nimegonga nyumba nzima kama mwendawazimu: vikombe, kitasa, miguu ya kitanda, ndoo. Ningejuaje ipi ilisikia muziki ule?

Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea nikamwomba achomelee chochote, mradi umeme ushuke Bibi asikilize kidogo. Akasema hana kazi leo. Nikamletea rimu mbovu, nikamwambia chomelea hii na hii. Akaniuliza unatengeneza nini, nikasema sanamu. Akachomelea. Lakini umeme ulikuwa unapanda na kushuka, muziki ukayumba kama mlevi kwenye ngazi, na Bibi alipotoka chumbani akakuta hivyo, alizima mwenyewe. Akarudi kitandani.

Leo asubuhi niliangusha sinia la bati nyuma yake. Makusudi. Hakugeuka.

Wewe ulimwona Mdudu akifanya kazi. Kumbuka kitu. Kumbuka chochote, hata cha kijinga. Mimi domo limeniishia.

Wako


Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako haina jina mwisho wala utani mwanzo. Hiyo ilinitisha kuliko maneno yaliyomo.

Nimekumbuka. Kifuniko, Domo. Kile kifuniko cha sufuria.

Nilikuwa mdogo, nilikishusha siku moja nifunikie chakula, Bibi akanifinya sikio mpaka nikaona nyota za mchana. Akasema, "Hiki si cha jikoni tena." Nilidhani ni choyo cha vyombo tu. Lakini kila alipotaka kuwasha Mdudu, kwanza alikining'iniza kwa kamba mbele ya spika, akakigonga na mwiko, halafu akakiwekea kidole, nadhani kukinyamazisha, huku mkono mwingine unazungusha swichi za Mdudu taratibu, taratibu. Mpaka aridhike. Ndipo anaanza. Ile sauti ya kwanza kabisa kwenye *Mvuke*, ile ndefu, ni sauti ya kifuniko. Unadhani kwa nini aliuita *Mvuke*?

Chuma hakizeeki sauti. Mpelekee mchongaji kifuniko.

Na ukikichukua ukutani usimwambie uongo. Ukikosa la kusema, nyamaza. Jaribu mara moja maishani.

Dada yako


Jumanne, 1 Aprili

Dada Mchonga,

Ndani ya kifurushi hiki kuna kifuniko cha sufuria. Usicheke, na usikipikie.

Kining'inize kwa ile kamba iliyo kwenye kishikio, ndiyo kamba yake. Kigonge na mwiko wa mbao, si kijiko cha chuma. Sauti utakayoisikia ndiyo sauti ya kwanza ya santuri. Bibi alimlinganisha Mdudu na sauti hiyo kabla hajaanza. Ndicho kitu pekee kilichokuwepo chumbani siku ile na bado kinasema vile vile.

Nilikichukua mbele yake. Alitazama msumari mtupu, akanitazama mimi, akalala.

Huu si utani. Mimi nikitania utajua. Sikio limebaki kama tundu la sindano. Fanya upesi, Dada, nakuomba kwa jina la kila unachokipenda.

Mjukuu wake


Jumamosi, 12 Aprili

Mjukuu,

Nakurudishia kifuniko, pamoja na santuri mpya ya majaribio.

Nilikigonga mbele ya wenye kampuni, wakadhani kazi imenipanda kichwani. Kisha nikaushusha mwendo wa utepe polepole mpaka sauti ya kwanza ikakaa juu ya sauti ya chuma, nisiweze kuzitenganisha. Nikauacha uende hadi mwisho. Muziki huu nimekuwa nao tangu Januari, nikidhani naujua. Palipokuwa na vumbi la kelele sasa pana mtu anapumua. Mmoja wa wale wenye kampuni alikuwa amesimama na funguo za gari mkononi, tayari kuondoka. Alikaa.

Lakini sikiliza. Mimi nimelinganisha sauti moja tu, kwa sikio langu, na sikio langu limeshakosea. Sichapi mpaka aseme yeye. Si wewe, si mtu mwingine. Kiwanda kinatungoja hadi tarehe ishirini na nane. Karatasi ya kuridhika imo. Safari hii kalamu ishike yeye.

Namwombea sikio lile lisubiri.

Dada Mchonga


Jumamosi, 19 Aprili

Dada yangu,

Halikusubiri.

Lilifunga Jumapili iliyopita. Aliamka, akaniona mdomo unachezacheza, akanionyesha kwa kidole sikio, akatikisa kichwa. Basi. Hata kulia hakulia. Nililia mimi, nikamwambia ni moshi, kwa mdomo ambao hakuusikia.

Kifurushi kimekuja leo. Nilikaa nacho kibandani nikitamani kukitupa chini ya lori. Kupata santuri iliyo sawa, kwa mtu asiyesikia, Dada, ni kumletea kipofu kioo. Na mchongaji anataka aseme yeye! Aseme nini? Kwa kipi?

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea nikamwomba azime, tena nikamwahidi pancha za bure maisha yake yote, kwa sababu safari hii tulihitaji umeme wenye afya. Akazima. Nikaingia kwa Bibi. Sikumpa karatasi. Nilimwekea kifuniko mapajani na santuri juu yake, nikapiga magoti, nikanyamaza kama ulivyoniagiza.

Alivipapasa vyote viwili. Halafu akainuka. Dada, akafungua sanduku akavaa lile gauni la kijani.

Akachukua kifuniko akakifunga kwa kamba yake kwenye msumari ulio juu ya spika, kikawa kinaning'inia mbele yake. Akaweka kidole pembeni ya chuma, kidogo tu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akaniambia, siku zote hizo ndilo neno la kwanza, "Weka."

Nikaweka sindano. Sauti ya kwanza ikaanza kupanda, ile ndefu. Na kifuniko kikaanza kutetemeka. Chenyewe! Hakuna aliyekigonga. Kikaanza kuvuma chini chini kama nyuki kwenye chupa, kikaitika sauti yake kama mtu aliyeitwa jina. Nikakumbuka, nikatoa ile santuri ya kwanza, inayokimbia, nikaiweka nijaribu. Kikanyamaza. Chuma kimekufa kabisa. Nikarudisha mpya. Kikaimba.

Nilimwandikia kwa haraka, "Kumbe kidole hakikuwa cha kukinyamazisha!"

Akasoma, akacheka, Dada, kicheko kile cha zamani, cha mtu asiyejisikia ana kelele kiasi gani. Akasema, "Kwa nyundo za huyu jirani na baba yake, ulidhani nilikuwa nasikia kwa masikio?"

Alisimama pale na kidole kwenye chuma mpaka upande wa kwanza ukaisha. Nikageuza. Akasimama mpaka wa pili ukaisha. Halafu akaomba kalamu.

Talaka haijafutwa. Kasema anafikiria.

Mdogo wako,
Domo


Jumamosi, 19 Aprili

Binti yangu Mchonga,

Mwandiko huu ni wangu, ule wa kwanza ulikuwa wa mume wangu, ambaye herufi zake hulala kama tairi lisilo na upepo. Ungeshtuka mapema.

Mimi sikusikia kitu. Nakwambia ili pasiwe na uongo tena kati yetu. Lakini kifuniko kimesikia, na hakijawahi kunidanganya.

Haikimbii.

Chapa.

Bibi


Nyuma ya karatasi, kwa kalamu nyingine:

Dada Mchonga, kaisaini mbele yangu, mikono yangu nimeifunga nyuma. Kifuniko kimerudi ukutani. Nafunika kwa sahani.